Hema Jipya na Mvua ya Jumatano

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Turubai alishona mahema ya watalii, na hakuwahi kulala ndani ya hata moja. Wageni walirudi kutoka mbugani na hadithi. Yeye aliletewa matundu. "Hili alitoboa tembo," waliambiwa mafundi, naye alipitisha mkono kwenye tundu taratibu, kama anayempa mkono jirani asiyemjua.

Mwaka huu aliapa kumwona tembo mwenyewe. Karakana hufungwa wiki moja tu, mvua zinapoanza na wageni kupungua. Ama wiki hiyo, ama mwakani. Na "mwakani" alikwisha kuisema mpaka ikamchusha.

Alikusanya mabaki ya turubai, ya kijani na ya kahawia, akashona hema lake mwenyewe. Mumewe, kinyozi mwenye kibanda mbele ya nyumba, akaandika orodha nyuma ya kalenda: darubini ya kuazima, tochi, sufuria, soksi.

"Soksi jozi kumi na mbili!" Mama Turubai alicheka mpaka akashika mbavu. "Tunakwenda siku tatu au tunahama, mume wangu?"

"Miguu hii haijawahi kuona simba. Lolote laweza kutokea."

Wa kuwapeleka alikuwa mdogo wake Mama Turubai, dereva wa magari ya mbugani. Safari ni Alhamisi alfajiri.

"Ila dada, tusidanganyane," alisema. "Udongo wa bondeni ni mweusi. Ukilowa, gari linazama mpaka mlangoni. Mvua ikitutangulia, basi."

"Haitangulii," kinyozi alijibu. "Nimewanyoa watabiri wote wa mtaa huu. Wote wanasema Jumamosi."

Jumatano, saa nane mchana, wingu lilitanda, upepo ukanusa nguo kwenye kamba, na mvua ikashuka kwa miguu yote miwili. Kinyozi alitoka mbio kibandani, wembe mkononi, amemwacha mteja nusu kichwa.

"Mke wangu, pole. Pole sana."

Mkewe hakuwepo chumbani wala jikoni. Alikuwa uani, amelowa chapachapa, anapigilia vigingi.

"Umepatwa na nini? Unaliharibu hema!"

"Shika kamba hiyo. Vuta!"

Akavuta. Wakaingia ndani, magoti kwa magoti. Kila mshono ulidondosha tone: shingoni, puani, kwenye wembe.

"Hili si hema," alinong'ona kinyozi. "Ni chujio."

"Tulia. Hesabu mpaka mia mbili."

Alipofika mia na sitini, matone yalianza kuchelewa. Kisha yakakoma. Nje mvua ikipiga ngoma, ndani pakavu.

Mlango wa uani ukagongwa. Dereva alisimama pale, koti kichwani, uso umemshuka.

"Dada, barabara ya bondeni imefungwa."

Mama Turubai alitoa kichwa nje ya hema. Maji yalimtiririka usoni, na si yote yalikuwa ya mvua.

"Ipo ya mlimani," mdogo wake aliendelea. "Ya changarawe, inapitika. Tena mvua ikianza tembo hupanda huko kufuata majani mabichi. Lakini kule hakuna hata banda. Ni kulala hemani, na hema jipya kwenye mvua, wewe fundi unajua..."

"Ingia."

Akaingia. Akapapasa mshono wa juu kwa kiganja, akakitazama kiganja. Kikavu.

"Mbona halivuji?"

"Uzi ukinywa maji huvimba, unaziba tundu la sindano. Hema jipya huonjeshwa maji nyumbani kabla ya safari. Nilipanga kulimwagia ndoo kumi leo hii." Alitazama juu, akicheka. "Mungu kanichotea."

Dereva akapiga paja. "Saa kumi na moja alfajiri, basi! Na shemeji, soksi zako zote beba. Utazihitaji."

"Si niliwaambia?"

Kutoka kibandani sauti ikapasuka: "Kinyozi! Huu upande mwingine unamwachia nani?"

Kinyozi akakimbilia huko, akammalizia mteja wake huku akimsimulia, kwa wembe na kwa mikono yote, ukubwa wa tembo ambaye bado hajamwona.