Kichanja Alichokitangaza Mama Ngoie

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo haijanitoka kichwani, hata sasa ambapo majina ya majirani yananiponyoka na magoti yananiuma nikiinuka. Niliikumbuka tena jana, uliponieleza ugomvi wako na mwenzako kazini juu ya kompyuta. Kaa kidogo. Mimi siku hizi sisemi haraka.

Ilikuwa miaka ya sabini, ng'ambo ya ziwa wakiiita nchi yao Zaire. Nilikuwa msichana wa kucheka ovyo, shule niliiachia darasa la nne, na kazi yangu ilikuwa kukausha samaki kwa moshi pamoja na shangazi yangu, mayosenge, kwenye kambi ya wavuvi karibu na Nchelenge. Mikono ilikuwa kwenye samaki, akili ilikuwa mjini Mansa, nikijiona nina cherehani yangu na duka lenye pazia la maua. Ndoto haikunitoza nauli.

Vichanja vya kukaushia vilikuwa vya kambi nzima, na desturi yetu ilikuwa nyepesi. Ukikuta kichanja kitupu unasema hiki changu, unawasha moto chini yake, basi. Neno lako linaishi na moto wako. Moto ukizimika na wewe hupo, neno limekwisha. Mwenye samaki wabichi anaruhusiwa kuwashusha wako, awapange kwenye kikapu, awafunike majani, aendelee na wake. Hakuna aliyeona hiyo ni dharau. Samaki wabichi hawasubiri adabu.

Ndipo akaja Mama Ngoie, mjane kutoka ng'ambo. Mvua ilikuwa imebomoa vichanja vya kwao, kwa hiyo akavuka na mapale, wale samaki wapana wa ziwa letu. Walikuwa wamevuliwa kwa wavu wa marehemu mume wake. Wavu ule ungepewa ndugu siku ya kumaliza matanga, na ukoo wao ulitaka watu wa siku hiyo walishwe samaki wa mwisho waliotoka humo. Samaki wengine wa wavu ule hawakuwepo, na wasingekuwepo tena.

Alichagua kichanja, akafunga kipande cha kitenge kwenye mguu mmoja wa kichanja hicho, kisha akasimama katikati ya kambi akapaza sauti kwa Kiswahili cha kwao: "Batu bote, musikie! Hapa ni pa Mama Ngoie!"

Kijana mmoja mvuvi akamjibu, "Mama, unakifunga kama mbuzi, unafikiri kitatoroka?"

Tulicheka sote. Yeye pia alicheka, masikini. Samaki walipofika nusu ya kukauka, alikwenda Kashikishi kutafuta chumvi na mtumbwi wa kumrudisha kwao. Manyunyu yakapita. Moto ukazimika.

Mayosenge alipanda kutoka ufukoni na beseni la samaki wabichi, akaona jivu. Akawashusha samaki wa Mama Ngoie kwa mikono miwili, polepole, jinsi tulivyofundishwa, akawafunika vizuri. Mimi nilishika kikapu. Lakini mchana ule ulikuwa na joto la mvuke, na samaki wasiokauka sawasawa wakirundikwa huanza kuharibika kutoka chini, kimyakimya.

Mama Ngoie alirudi jioni. Harufu ilimpokea kabla yetu.

"Nani amegusa samaki yangu? Miye nilisema! Nilifunga kitambala, batu bote balisikia!"

"Moto ulikuwa umezimika, mama," mayosenge akasema. "Kwetu moto ukizimika, kichanja ni cha kila mtu."

"Kwetu, kwetu! Kule kwetu mutu akitangaza, ni pake mpaka yeye mwenyewe afungue kitambala. Hata akienda Lubumbashi! Muko wezi, njo vile!"

"Mwizi gani anakufunikia samaki majani?"

Mama Ngoie alikaa chini kwenye tope, akakumbatia kikapu kama mtu aliyebeba mgonjwa. Hapo ndipo kicheko changu cha asubuhi kilipoanza kuniuma.

Aliitwa kapita, msimamizi wa kambi, mzee ambaye nadhani alikuwa amechoka tangu kabla sijazaliwa. Aliwasikiliza wote wawili, akajikuna shingo. "Nyote mnasema kweli," akasema. "Ndiyo maana nimechoka. Angekuwepo mwongo ningemfukuza, nikalale." Kisha akatugeukia sisi wengine. "Mlimsikia anatangaza. Nani alimuuliza, mama, neno lako linafika wapi, linakaa mpaka lini? Na wewe mama, ulimuuliza nani hapa?"



Tulipiga magoti tukachagua samaki mmoja mmoja. Waliopona walitosha sahani moja, labda na nusu. Mayosenge akaongeza wa kwake, wazuri kuliko wote aliokuwa nao, naye Mama Ngoie akawapokea bila kumtazama. "Ya mume wangu batakula bazee," akasema. "Yako batakula bengine." Asubuhi alivuka. Matanga yalikwisha, tulisikia hivyo, na watu walishiba. Lakini yeye hakuja tena upande wetu, wala mayosenge hakupata siku ya kumwambia neno ambalo najua alikuwa nalo.

Sasa wewe unaniambia mwenzako ni mjinga. Kompyuta sizijui, nimeshika tu kile ulichonichorea kwa kidole mezani. Kwamba programu za kusoma amri zenu ziko zaidi ya moja, mnaziita shell. Kwamba mwenzako alitangaza jina na thamani yake ndani ya kipande kidogo cha kazi, na kwenye shell aliyoizoea tangazo la namna hiyo linabaki ndani ya kipande hicho na kwisha nacho. Kwenye shell yako, tangazo lilelile, herufi kwa herufi, lilitoka nje, likakalia jina uliloliweka wewe, na kazi yako ya wiki nzima ikaharibika. Naye anaapa hajakosea. Mwanangu, hajakosea. Na wewe hujakosea. Hapo ndipo uchovu wote unapotoka.

Kwa hiyo nakuusia. Unapoandika mahali ambapo wengine watapita, usiiachie desturi ya kwenu ikusemee. Andika waziwazi kwamba jina hili ni la humu ndani tu, au ni la wote. Juu kabisa ya kazi, andika ni shell gani inayotakiwa kuisoma. Kisha ijaribu kwenye shell ya mwenzako, siyo kwako tu ambako kila kitu kinakukubali. Na mtu akija na namna ya kwao inayokuchekesha, cheka ukipenda, lakini muulize kwanza. Swali ni dogo. Kutoliuliza ndiko kunakozeesha watu.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe mikono ya kutengeneza kilichoharibika na moyo usiochoka kuuliza. Akupe wenzako wengi kuliko niliowahi kuwa nao mimi. Haya, mpigie simu sasa hivi, bado mnakaa chumba kimoja cha kazi. Mwambie hakuwa mjinga.