Rafu ya Kamina

Siku ya kwanza kazini sikushika kitabu hata kimoja. Mkuu wa maktaba ya parokia yetu hapa Kamina, padri mzee asiyependa maneno mengi, alinituma kunawa mikono, kisha akanipeleka chumba cha nyuma, kwenye kaseti za sauti za watu waliorekodiwa. Kaseti zilisimama wima kama vitabu, kwani zikilazwa kwa mrundikano mkanda huharibika. Spika za kwaya hazikuruhusiwa kuvuka mlango, maana sumaku zake hufuta sauti. Zaidi ya hapo, kaseti zilipangwa kwa vijiji vya wenye sauti: Sanga, Katoto, Kabondo-Dianda.

"Bantu habatafute namba, mama," padri aliniambia. "Banatafuta sauti ya kwabo."

Niliipenda kazi hiyo tangu siku ile. Wazee waliotoka mbali walikuja kumsikiliza ndugu aliyekwisha kufa, nami nilikuwa nimewawekea mkononi kaseti yao kabla hawajapata kiti. Kaseti za waliotoka nje ya mkoa, hasa askari wa base, yaani kambi ya jeshi, zilikaa rafu ya chini iliyoandikwa Wageni.

Padri alipoondoka, tulipata mkurugenzi mwenye diploma, mtu wa taratibu. Wakati wake alikuja mjane wa askari mmoja. Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na hakuikumbuka sauti ya baba yake. Mama alitaka aisikie mbele ya wakwe. Niliitoa kaseti mara moja, nikijivuna. Akasoma kibandiko cha Wageni, akanirudishia.

"Hii sibebe, mama. Bwana yangu alizikwa hapa Kamina. Batoto yake balizaliwa hapa. Kwa ndoa ya mutoto yake, atafika na jina ya mugeni?"

Nikampelekea mkurugenzi shauri la kubadilisha kibandiko.

"Mpango njo mpango, mama. Tukibadilisha ya huyu, bote batakuja."

"Bakuje," nikamjibu. "Miye nitabaandikia."

Akanisukumia gundi. Niliandika Kamina. Binti alimsikia baba yake, akalia, na wakwe wakalia naye. Kweli wajane wengine walikuja, na rafu ya Wageni ikabaki tupu mpaka tukaing'oa.

Siku hizi sauti zote zimenakiliwa kwenye kompyuta, nami nimestaafu. Kabla sijaondoka walinirekodi nikisimulia kazi yangu. Msichana aliyeshika kazi yangu akaniuliza, "Mama, tuiweke Kabondo-Dianda, kwenu?"

Ni kweli nilizaliwa huko. Nikamwambia aiweke Kamina, kando ya yule askari.