Bunduki ya dola 545 na jicho la kushoto la Ardith

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, na Ardith Stufflebean ameshapitisha mbao mia mbili mbele ya jicho lake moja. Ubao unakuja kwenye mkanda, anaugeuza kwa mkono wenye glavu, anatafuta fundo, ufa na uozo, kisha anapiga chaki. Mstari mmoja ni daraja la kwanza, miwili ni la pili, msalaba ni kuni. Ubao mmoja anaupa sekunde nne. Kila akimaliza mmoja anazungusha kichwa kulia kama kuku anayetafuta punje, kwa sababu upande huo haoni kitu.

Kiwanda hiki cha kupasua mbao kiko Tillery Fork, kwenye vilima vya Ozark, jimbo la Missouri. Ardith ana miaka hamsini na mitatu, na ishirini na sita kati ya hiyo ameimalizia hapa. Analipwa dola 17 na senti 40 kwa saa. Februari ya mwaka jana kibanzi kiliruka kutoka kwenye gogo na kumpata jicho la kulia. Madaktari walihangaika nalo siku tisa, kisha wakamwambia ukweli.

"Niliwauliza swali moja tu," anasema wakati wa mapumziko, akijimiminia kahawa kwenye kifuniko cha chupa ya chai. "La kushoto ni zima? Wakasema zima. Nikawaambia basi, nipeni buti zangu."

Ndivyo anavyopenda kuisimulia. Ukikaa naye zaidi, atakwambia pia kwamba mwezi wa Aprili aliiuza bunduki yake ya kuwindia kwa mtu aliyekuwa anapita njia, dola 350, halafu akaingia bafuni, akafungua maji ya bomba ili jirani asisikie, akalia.

Aliamini ya kuwinda yamekwisha. Kwa miaka arobaini alikuwa amelenga kwa jicho la kulia, na bega la kulia ndilo lililozoea kupigwa na kitako. Na hapa kwetu, kuacha kuwinda si jambo la kupoteza starehe tu. Mwezi wa Novemba hakuna anayekuuliza kama utakwenda msituni. Wanakuuliza utakaa wapi kumvizia kulungu. Kulungu mmoja ni paundi hamsini za nyama, wakati nyama ya kusaga dukani imefika dola sita paundi moja. Majira ya baridi yaliyopita friza la Ardith lilikuwa na njegere na barafu.

Mwezi Juni alikuwa anasafisha banda la marehemu baba yake, Hobart, akakuta bunduki ya mzee imefunguliwa vipande nyuma ya mapipa. Mtutu ulikuwa umeliwa na kutu, kitako kimevimba kwa unyevu na kupasuka. Lakini mwili wa chuma wa katikati, pamoja na mkono wake wa kukokea, ulikuwa ndani ya kopo la biskuti, umeviringishwa kitambaa chenye grisi. Mzee Hobart alikuwa na nia ya kuitengeneza tangu mwaka 2009.

Ardith alikaa na lile kopo mapajani kwa muda mrefu. Jioni hiyo akampigia simu mdogo wake, Royce, dereva wa lori la maziwa, akamwambia anajenga bunduki, na haitazidi dola mia tatu.

Royce ni mtu wa hesabu za haraka. Alimkumbusha kwamba dukani mjini kuna bunduki mpya kabisa, na darubini yake juu, kwa dola 449. "Unaingia, unalipa, unatoka, dada," alimwambia. "Saa sita mchana unakula chakula chako. Wewe unataka kuokota vyuma kama mtu wa jalalani."

Dada mtu alishalifikiria hilo. Bunduki ile ya dukani imetengenezwa kwa mtu wa kulia. Kitako chake kina uvimbe wa kuegemeza shavu la kulia, na mtu akikiweka begani kushoto kinamsukuma uso mbali na darubini. Ya mtu wa kushoto ipo, lakini ni dola 689, na mwenye duka alimwambia ikiagizwa itafika Januari. Msimu unafunguliwa katikati ya Novemba. Kununua ile ya bei rahisi na kuibadilisha kitako aliona ni kulipa mara mbili.

Hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mtu asiyejenga bunduki hawezi kulifanya hata akijitahidi. Aliona mtandaoni kitako cha mtumba, "cha mkono wa kushoto", dola 65, kisichorudishwa. Akafurahi, akakiagiza. Kilipofika aliketisha chuma cha baba yake ndani yake na kugundua kwamba tundu la kupitishia mkono wa kukokea limekatwa upande wa kushoto, wakati mkono wa bunduki ya mzee uko kulia, kama ulivyokuwa siku zote. Bega la Ardith ndilo lililohama. Chuma hakikuhama.

Royce alicheka mpaka akaketi juu ya tairi. Kitako chenyewe sasa kinazuia mlango wa banda la kuku usipigwe na upepo, na Ardith anasema kazi hiyo kinaiweza vizuri sana.

Mtu mwingine angekata tamaa. Yeye alipanda darini bandani, alikokuwa na mbao za mjozi, mti mgumu unaofaa vitako, zilizopasuliwa miaka kumi na minne iliyopita kutoka kwenye mti ulioangushwa na dhoruba nyuma ya nyumba. Ubao wa kwanza, mweusi na wa kupendeza, aliutupa pembeni. Ulikuwa na fundo pale ambapo kiganja kingeshika, na mahali hapo ndipo kitako huvunjika.

"Watu wanapenda rangi," anasema. "Mimi naangalia mishipa ya mbao inakwenda wapi. Miaka ishirini na sita nalipwa kwa hilo, halafu eti nisilifanye bure nyumbani kwangu?"

Kuchonga kwa jicho moja ni shida ambayo hakuitarajia. Mtu mwenye jicho moja hajui vizuri kitu kiko karibu au mbali, na wiki ya kwanza patasi ilimteleza ikamkata kidole cha shahada. Akaacha kuyategemea macho. Alipaka chuma masizi ya taa, akakibonyeza ndani ya mbao, akakitoa. Palipobaki doa jeusi ndipo alipokwangua, kiasi cha unywele kila mara. Mwandishi wa makala haya alimtembelea mwezi wa Septemba akamkuta amefumba hata lile jicho zima, anapapasa mbao kwa kidole gumba. Nilimsalimia mara mbili kabla hajaitika.

Sehemu moja hakuigusa. Mtutu mpya, wa dola 148, aliupeleka pamoja na kile chuma kwa Lindell Pruett, fundi bunduki mwenye leseni, ambaye alivifunga, akavipima usalama na kumtoza dola 130. Lindell ni mzee mpole mwenye miwani miwili, mmoja puani na mmoja kwenye kipaji cha uso, na amewaona wengi wa aina ya Ardith.

"Wanaokuja hapa kujenga bunduki kwa bei rahisi," ananiambia, "huwa ile bei rahisi imeshaisha kabla hawajafika mlangoni. Mara tupa, mara msasa, mara darubini. Mtu akitaka kuokoa pesa namwambia anunue. Huyu mama nilimwambia hivyohivyo. Akaniuliza kama nina kahawa."

Na Lindell alisema kweli. Ukijumlisha mtutu, ufundi, darubini na vyuma vya kuishikilia, patasi, mafuta ya mbao na ule upuuzi wa banda la kuku, bunduki ya dola mia tatu imefika dola 545. Imepita ile ya dukani kwa karibu mia moja, na iko chini ya ile ya mtu wa kushoto. Nami, kwa ukorofi, nikamhesabia pia saa arobaini na moja za kuchonga kwa kiwango chake cha mshahara: dola 713 nyingine.

Alinitazama kwa lile jicho bila kupepesa. "Hizo saa jioni ningezikalia kwenye kochi nikijihurumia," akasema. "Andika hiyo nayo, ilikuwa inanigharimu kiasi gani."

Nikanywa kahawa yangu.

Sasa, ukoo wa Stufflebean una sheria yake. Tangu Ardith akiwa na miaka tisa, Mzee Hobart alikuwa anabandika sahani ya karatasi, ile ya kulia keki, kwenye marobota ya nyasi kavu yaliyopangwa mbele ya kilima, yadi mia kutoka mahali pa kupigia. Risasi tatu. Zote tatu zikiingia kwenye sahani, unakwenda msituni siku ya ufunguzi. Moja ikitoka, unabaki nyumbani kuwapikia wenzako maharage ya nyama na pilipili. Mzee hakuwa na huruma katika hilo, kwa sababu kulungu aliyejeruhiwa na kupotea porini ni aibu ambayo hakutaka iingie kwenye jina lake. Mwaka 1998 Royce, mwanamume mzima mwenye ndevu, alikosa kwa nusu inchi na akapika. Mpaka leo kanisani kuna watu wanamwita Mpishi.

Mzee hayupo tena, na hakuna wa kumlazimisha Ardith kufuata chochote. Amejilazimisha mwenyewe.

Alhamisi, saa tisa alasiri, siku mbili kabla ya msimu kufunguliwa, tuko watatu kwenye malisho ya Royce. Baridi inauma masikio. Ardith ametoka kazini moja kwa moja, vumbi la mbao bado liko kwenye nywele. Ameketi nyuma ya meza, bunduki imelazwa juu ya gunia la mchanga. Kitako cha mjozi kinang'aa rangi ya kahawia iliyoiva, na pale shavu linapokaa kimechongwa kumfuata uso wake yeye peke yake. Kwa wiki tatu amekuwa akija hapa na bado hajawahi kuingiza zote tatu. Mara ya mwisho iliingia moja.

Anaegemeza shavu la kushoto. Anapumua nje. Risasi ya kwanza inalia, na Royce, aliyeshika darubini ya mkononi, anasema imeingia. Ardith anapeleka mkono wa kulia juu, anakoki, anatulia. Ya pili imeingia. Royce anainua kidole tu.

Ya tatu inachukua muda. Namwona akiinua kichwa, anapangusa jicho kwa mkono, anarudi tena chini. Natamani iingie, nakiri wazi, natamani kuliko ninavyopaswa kama mwandishi. Bunduki inalia.

Royce anatazama, anashusha darubini, anatembea mpaka kwenye sahani na kurudi nayo. Tundu la tatu halimo. Ukingo wa juu umechanwa kidogo tu, kama umeng'atwa na panya.

"Imegusa," anasema Royce. "Iliyogusa inahesabika, dada."

"Ya kwako nayo ilikaribia, ukapika."

"Mimi nilikuwa na macho mawili na uzembe. Hii ni tofauti."

"Kwa kulungu si tofauti, Royce."

Anaendelea kumbembeleza. Labda ni bunduki, anasema. Vyuma vya kuokoteza, mbao ya bandani, nani ajuaye. Anamwambia kesho asubuhi anampeleka mjini, ananunua ile ya 449 kwa pesa yake mwenyewe, na habari ya sahani haitatajwa kanisani. Ardith anamsogezea bunduki na kumwonyesha kiti.

Royce anabandika sahani nyingine, anakaa, analalamika kwamba kitako kinampiga shavu kwa sababu yeye ni wa kulia. Anapiga tatu. Tunakwenda wote kuangalia. Matundu yake matatu yamekaa pamoja katikati ya sahani, ukiweka kikombe cha kahawa juu yake kinayafunika yote.

Royce anaangalia viatu vyake, maana ameelewa alichokifanya: amethibitisha kwamba bunduki haina kosa.

Ardith ndiye anayecheka kwanza, taratibu, akipitisha kidole juu ya yale matundu. "Angalia ilivyo nzuri," anasema. "Nimeijenga mimi hii."

Kisha anatuambia mpango wake, kana kwamba anapanga zamu za kazini. Jumamosi atapika, maharage ameshayanunua, na Royce aje na bakuli. Msimu una siku kumi na moja. Kila siku akitoka kiwandani saa nane na nusu atapita hapa, apige tatu, na siku risasi zote tatu zitakapoingia, iwe Jumanne, iwe siku ya mwisho kabisa, kesho yake ataomba ruhusa na kuingia msituni. Zisipoingia, mwakani ataanza mwezi wa Machi.

Royce anamwambia akae naye Jumamosi kwenye kibanda chake cha kuvizia kulungu, yeye apige, nyama wagawane nusu kwa nusu. Anasema kwa upole, bila utani wowote, na naona ni kitu alichokuwa ameficha moyoni tangu Februari ile.

"Nyama yako nitakula, nani kakwambia siitaki," Ardith anamjibu, akimfunga kifungo cha juu cha koti kama mtoto. "Lakini bunduki ningeweza kuinunua, ulisema kweli. Jicho hili ndilo halina duka. Hili lazima nilijenge."

Anachomoa sahani mpya kwenye pakiti, anabana pini mbili kwa meno, na kwenda kuibandika.