Mluzi Nyuma ya Shamba la Mama Mkwe

Watu wa Myanga wakitaka kunichokoza hawanitukani, wananipigia mluzi tu, sauti tatu zinazoshuka moja baada ya nyingine, halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na mimi naongeza mwendo kama mtu aliyeacha chungu motoni. Aibu hiyo nimeibeba tangu ujana, kwa hivyo wacha niwaeleze mwenyewe, maana wengine wakisimulia wanatia chumvi, na mkasa wenyewe hauhitaji chumvi hata kidogo.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa nafanya kazi katika studio moja ya picha mjini Kitale, kazi yangu ikiwa kusafisha picha gizani na kuwaambia wateja wasipepese macho (wanapepesa tu). Kulikuwa na mzungu mmoja mwenye shamba upande wa Kibomet, alipenda ndege kuliko watu, na kila alipoleta filamu zake alilalamika kuhusu ndege mmoja, yule kekeo mwenye kifua chekundu ambaye sisi tunamwita ndege wa mvua kwa sababu akianza kulia mwezi wa tatu, mvua haiko mbali. Kila mtu amemsikia. Wa kumwona ndio hakuna, kwa maana hujificha juu kabisa kwenye majani na kulia huko huko siku nzima. Mimi, kwa mdomo wangu huu, nikasema mbele ya wateja kwamba nitampiga picha, na picha itawekwa dirishani watu wa mji waione.

Wakati huo nilikuwa nimeposa. Msichana aliitwa Nekesa, kwao ni Myanga, na wiki iliyofuata wazee wangu walikuwa waende kuzungumza mahari. Nekesa ndiye aliyeniambia kwamba huyo ndege kila mwaka huanza kulia katika mkuyu ulio kando ya kijito, chini ya shamba la mama yake. Aliniambia pia kwamba mama yake ndiye anayesikilizia kijiji kizima, kwamba wanawake wa pale hawatupi mbegu ya wimbi mpaka yeye aseme amemsikia. Mimi nikashika habari ya mkuyu, na hiyo ya mama ikaingia sikio hili ikatokea lile.

Sasa mjue kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso. Mkikutana njiani, mmoja anaingia kichakani, hata kama kichaka ni cha upupu. Mtu anayekwenda kujificha nyuma ya shamba la mama wa mchumba wake wakati mahari haijazungumzwa anafaa kupimwa akili, lakini nilijiambia leo ni siku ya soko, mama hatakuwepo mpaka jioni.

Basi nikafika asubuhi na kamera ya studio, ile ya miguu mitatu yenye kitambaa cheusi cha kujifunika kichwa, nikajijengea kibanda cha matawi chini ya mkuyu, nikangoja. Kimya. Jua kali, udongo mkavu, hata upepo ulikuwa umeenda soko. Na hapo ndipo nikakata shauri moja dogo lililoniharibia siku: badala ya kumngoja ndege alie, nilie mimi, kwa sababu dume akisikia mwenzake kwake huja mbio kumfukuza. Nikakusanya viganja mdomoni nikapiga mluzi wake. Nikarudia. Nikaupiga polepole, nikaupiga kwa hasira, nikaupiga mpaka midomo ikafa ganzi (na niseme ukweli, nilikuwa najua kuupiga, hapo siwezi kujishusha).

Nikasikia sauti za watu. Nikachungulia kati ya matawi, nikaona shamba limejaa wanawake wenye majembe, na Nekesa wangu miongoni mwao, amebeba kikapu.

"Mama Nekesa, si ulikuwa umeenda soko?" aliuliza bibi mmoja mzee, jirani, ambaye kila mtu alimwita Kukhu.

"Nimerudia njiani. Kwani wewe hujasikia? Huyo ndege leo analia kama mtu amechomwa na moto."

"Nimesikia. Lakini udongo ni jivu, bana."

"Mimi nimeamini huyu ndege tangu niolewe hapa. Leta mbegu."

Mbegu ile ilikuwa ndiyo yote waliyoweka tangu mavuno. Ikilala katika vumbi lile bila mvua, mchwa watabeba nusu, ndege watamaliza iliyobaki, na nyumba ile haitakuwa na uji wala ugali mpaka mwaka mwingine, na wanawake wote wa pale watamlaani mama, si mimi. Nikinyamaza, nimemwibia. Nikitoka, nimesimama mbele ya mama mkwe mchana kweupe. Nilimwonea huruma, na nitasema yote, nilijionea huruma mimi zaidi.

Akatupa konzi ya kwanza. Sikuvumilia. Nikajifunika kile kitambaa cheusi kichwa chote, ili asinione wala nisimwone, nikatoka mbio, nikisahau kwamba kitambaa kilikuwa kimefungwa kwenye kamera. Kwa hivyo kamera nayo ikatoka, miguu yake mitatu ikiburuta matawi ya kibanda nyuma yangu.

Wanawake walipiga mayowe. "Ni watu wa kupima shamba," nikamsikia Kukhu, "wamekuja kuchukua udongo yetu."

"Mama, msipande," nikasema kutoka ndani ya kitambaa. "Ndege ni mimi."

"Wewe ni nani?" Kukhu akauliza.

"Ni mkwe."

"Mkwe wa nani?"

"Wa hapa."

Nikasikia miguu ya mtu mmoja ikigeuka katika udongo, nikajua mama amenipa mgongo. Nikamsikia Nekesa akisema polepole, "Mungu wangu."

"Kukhu," mama akasema, "mwambie huyo ndege alie, nisikie."

"Ati ulie asikie," Kukhu akanifikishia, kama vile nilikuwa ng'ambo ya mto.

Midomo ilikuwa imekauka kwa hofu, mluzi wa kwanza ukatoka upepo mtupu. Ati nirudie. Nikarudia, sauti tatu, safi, zikishuka. Hakuna aliyecheka. Na kabla mtu hajasema neno, kitu kikajibu, sauti zile zile tatu, karibu mno, na safari hii haikuwa mimi.

"Yule pale," mmoja akanong'ona. "Ona kifua, ni kama kutu." "Na tumbo ina mistari." Wote walikuwa wanamwona, hata waliokuja kwa sababu ya kelele tu, na mimi nimesimama katikati yao gizani na kamera imelala ubavu.

"Yuko wapi?" nikauliza.

Mama akajisahau, akanijibu mwenyewe, neno la kwanza aliloniambia maishani. "Yuko juu ya kichwa yako." Halafu akakumbuka. "Na usitoe hiyo kitambaa."

Sikukitoa. Walimtazama mpaka akaruka, kisha wakaendelea kupanda, kwa sababu huyo alikuwa wa kweli, na mvua ilinyesha baada ya siku chache nikapumua. Mahari ilizungumzwa, ikaongezwa mbuzi mmoja wa kufuta aibu ya mkwe aliyejitokeza, na wazee wangu walipofika waliulizwa kwanza kama ndege yuko pamoja nao. Tangu siku ile sipigi mluzi, hata mbwa wangu namwita kwa jina, na picha ya dirishani haikupatikana kamwe. Usiku wa harusi nilimwuliza Nekesa yule ndege alikuwa anafanana vipi, akafikiri kidogo, akasema, "Mzuri sana. Ungemwona."