Leseni tuliyoibandika bila kuisoma

Leo nimezuiwa kutoa programu yangu na mtu mkaidi sana. Mtu huyo ni mimi.

Ile programu ya simu ya kuwakumbusha wakulima siku za kupuliza dawa ya salfa kwenye mikorosho, leo nilikuwa niitoe bure, kila mtu aitumie na kuibadilisha atakavyo, hata kibiashara.

Asubuhi hapa Chuno nikakagua leseni za vipande vya msimbo nilivyochukua mtandaoni. Kipande cha kalenda kinasema: marufuku kwa biashara.

Basi siwezi kukitoa ndani ya programu inayoruhusu biashara.

Nikamsema mwenye nacho, weee. Kisha nikatazama majina ya waliokiandika.

Mimi na Selemani, enzi za chuo. Tulibandika leseni ya kwanza tuliyoiona.

Kuibadilisha lazima turidhie wote wawili. Selemani kavuka mto juzi kwa kivuko cha Kilambo kwenda kwa wajomba zake Msumbiji. Simu haipatikani.

Mchana Bi Somoe, mwenyekiti wa wakulima, akapiga.

“Mwanangu, mikorosho imeshatoa maua. Kimekwama nini?”

“Leseni, mama. Inakataza.”

“Kaiweka nani?”

Nikamwambia mtandao unasumbua, simsikii.

Atakayemwona Selemani huko ng'ambo, amwambie awashe simu.