Selotepu Kwenye Kitabu cha Ubatizo

Hadi leo nikiona selotepu napandwa na hasira, na sitaki mtu aniambie nisamehe.

Shangazi yangu wa Isingiro alikuwa akihangaikia kitambulisho cha taifa. Huku kwetu mpakani, mtu asiye na karatasi huulizwa baba yake alitokea upande gani. Shangazi hakuwa na cheti chochote. Alikuwa na mstari mmoja tu kwenye kitabu cha ubatizo cha parokia: jina lake, la baba yake na la kijiji.

Kitabu kilikuwa kimechakaa. Kazi yangu ni kukarabati vitabu vya zamani, nikaahidi kukitengeneza. Nilinunua jelatini mjini Omurushaka, ile ya unga ya waoka keki, nikapanda bodaboda hadi parokiani. Jelatini hutokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe. Ukiiloweka na kuipasha moto taratibu bila kuichemsha, unapata gundi nyepesi inayoipa karatasi nguvu na kuushika wino wa zamani. Ukikosea, maji ya uvuguvugu huiyeyusha ikaachia.

Katibu wa parokia alinipokea akitabasamu.

"Nimekurahisishia kazi, dada. Kurasa zilijaa selotepu kuukuu, chafu. Nimeibandua yote."

Nilifungua ukurasa wa shangazi. Wino ulikuwa umeondoka na selotepu. Jina lake lilibaki nusu, la baba yake halikuwepo kabisa.

"Iko wapi hiyo selotepu?" Nilijua jina lingesomeka kwenye gundi yake, huko huko liliponasa.

"Nimeichoma na takataka."

Nilimfokea mpaka mpishi wa mapadri akatoka jikoni. Katibu akanishangaa.

"Si uandike tu upya? Una mwandiko mzuri."

Mjinga yule! Wino mpya kwenye mstari wa zamani ndio utakaoonekana kwanza kwenye ofisi ya vitambulisho. Shangazi angeitwa mgeni, tena mwongo.

Nilishinda siku mbili nikipaka jelatini kwa brashi laini. Ukurasa ukakazika, ukanyooka. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile, wala kuichukia kazi kiasi kile.

Shangazi akaja. Nilimwamkia, akaitika, akaniomba nimwonyeshe baba yake. Nikakishika kidole chake, nikakiweka mahali lilipokuwa jina. Shangazi hajui kusoma, lakini si kipofu.

"Mwanangu, mbona hapa ni peupe?"

Nilikwenda nikamkamata katibu mkono, nikamketisha mbele ya shangazi, amjibu yeye.