Nilimvisha Mkanda Mbwa wa Baba Yangu

Kosa ni langu, na msinitafutie mtetezi. Nilimdanganya baba yangu mzazi ili nipate mbwa wa kupiga naye picha.

Nafanya kazi mapokezi kwenye loji moja hapa Karatu. Siku moja mgeni, mama wa watoto wawili, alinieleza kwamba kwao mtoto mdogo hupewa mbwa amtembeze, ajifunze kuwajibika. Kumbe ndiyo siri! Binti yangu Naserian ana miaka sita na hata viatu vyake hajui vilipo. Nikasema dawa imepatikana.

Mimi niliyezaliwa Olbalbal, niliyekua nikitembea nyuma ya mbuzi na mbwa pembeni, nimesubiri mgeni aje kunifundisha habari za mbwa. Jamani, usomi!

Nikaenda Olbalbal, bomani kwa baba. Alikuwa na mbwa mmoja, Bosi, anayetoka na mbuzi asubuhi na kurudi nao jioni. Nikamwambia wezi wametuzidi Karatu, hatulali. Mzee akanitazama, akamtazama Bosi, akasema mjukuu ni mkubwa kuliko mbuzi. Akanipa. Hakuuliza la pili.

Nikamnunulia Bosi mkanda mwekundu wa shingoni na kamba yake. Nikanunua na mifuko ya kaki, maana yule mgeni alisema kinyesi huokotwa. Kila jioni Naserian mbele na mbwa, mimi nyuma na simu.

Bosi alikaa chini kama aliyegoma. Hajawahi kuvutwa maishani mwake! Akiona mbuzi wa watu anachomoka, mtoto anaburuzwa, mifuko inapeperuka hadi shambani kwa jirani. Nikamfundisha binti yangu kuvuta kamba na kukaripia. Hilo alilishika upesi. Wiki haikuisha akawa anamkaripia mdogo wake kwa sauti ileile yangu.

Mama Anna, yule jirani mwenye shamba, alisimama na jembe begani akatutazama tukipita.

"Baba Naserian," akasema, "huyo mbwa ana kesi gani?"

Nikamjibu kwamba haya ni malezi ya kisasa. Alicheka mpaka akaweka jembe chini.

Kisha baba akapiga simu. Fisi ameingia kwenye mbuzi mchana kweupe, kachukua wawili. Hakulalamika, aliuliza tu kama wezi wamepungua. Nikasema wamepungua sana, mzee. Uso wangu mkavu! Nilipokata simu nikamwita Naserian, nikamwelekeza cha kusema babu akija kuuliza.

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia siku ya mnada. Mzee alishuka Karatu bila taarifa, akatukuta barabarani: Bosi na mkanda mwekundu, mtoto na mfuko wa kaki, mimi nimechuchumaa natafuta picha nzuri. Akamuuliza mjukuu wake Bosi anafanya kazi gani huku.

"Analinda nyumba, babu," Naserian akasema. "Baba amesema ukiuliza niseme hivyo."

Mzee akainama, na magoti yake yanamsumbua, akafungua ule mkanda na kuniwekea mkononi.

"Shika," akasema.

Akaondoka, na Bosi akamfuata bila kamba.

Nilikwenda bomani kuomba msamaha. Alinikaribisha vizuri, nikapewa maziwa. Lakini kila nililosema, alimgeukia mama na kumuuliza kama ni kweli. Siku hizi akiwa na jambo anampigia mke wangu. Nimeumia, sifichi.

Likizo hii nikaamua Naserian aende akatembee na Bosi kule kwenye kazi yake, nyuma ya mbuzi. Asubuhi ya safari nilichuchumaa kumfunga viatu. Akaniuliza taratibu, bila ubaya wowote:

"Baba, tukifika kwa babu niseme nini?"

Wazazi wenzangu, mtoto anajifunza kweli kwa kutembeza mbwa, tena haraka! Ila kabla hujamshikisha kamba, jiangalie wewe unayemfuata nyuma, maana macho yake yako kwako. Mimi nilibaki pale chini, nimeshika kamba za viatu, naye ananitazama.